Simba wa Mfano na Simba wa Kweli: Uhakiki wa Matumizi ya Sitiari katika Ushauri wa Kichungaji

1. Utangulizi

Wachungaji wengi na wanafunzi wa theolojia wamevutiwa na fundisho lisemalo kwamba mshauri huweza kuufahamu uchungu wa mtu kwa kusikiliza sitiari anazozitumia. Mtu husema amebeba mzigo, amefungwa, njia imezibwa, moyo umekuwa mzito. Mshauri mwema, twaambiwa, hayapiti maneno hayo kama mapambo ya lugha. Huyashika, huyauliza, na kwa njia hiyo huingia katika nyumba ya ndani ya yule anayesema.

Hatuna ugomvi na fundisho hili kwa jumla. Hata hivyo, twaona kwamba limepokelewa katika vyuo vyetu bila kuulizwa swali moja la msingi, yaani: ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba neno fulani ni sitiari? Je, ni yule aliyelisema, au ni yule aliyeketi upande wa pili akiwa amesoma vitabu? Makala hii inakusudia kulichunguza swali hilo. Tutalichunguza kwa kuangalia sehemu moja ya nchi yetu ambako jibu lake laweza kuokoa maisha ya mtu au kuyaangamiza, nayo ni Masasi na Newala, katika uwanda wa juu wa Makonde na vijiji vya pembeni mwake kama Chidya.

Wakristo wengi wa huko ni ndugu zetu wa Kianglikana na wa Kikatoliki. Masasi ilianza kuwa kituo cha misheni ya UMCA mwaka 1876, na Wabenediktini walifika Ndanda mwaka 1906. Lakini mambo yanayowapata Wayao, Wamakua na Wamakonde wa huko si mageni kwa mchungaji wa Kilutheri wa mahali po pote, na jibu tunalolitafuta tutalikuta, kwa sehemu, katika urithi wetu wenyewe.

2. Fundisho lenyewe na mahali lilipotoka

Mwaka 1980 George Lakoff na Mark Johnson walitoa kitabu kilichobadili mazungumzo juu ya sitiari. Hoja yao ni kwamba sitiari si pambo la washairi tu, bali ni njia ambayo kwayo mwanadamu huwaza na kutenda. Tukiyaona mabishano kuwa ni vita, tutabishana kama watu wapiganao. Tukiyaona kuwa ni ngoma ya watu wawili, tutabishana kwa namna nyingine. Mswahili halioni jambo hili kuwa geni. Yeye husema hasira zimepanda, damu imechemka, moyo umetulia. Naye hupoteza muda kama mtu apotezaye fedha.

Kabla ya hao, mambo ya namna hiyo yalikwisha kugusiwa na watumishi wa Kanisa. Anton Boisen, mchungaji wa Kimarekani aliyelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1920, alipopona alianza mwaka 1925 kuwafundisha wanafunzi wa theolojia katika hospitali ya Worcester. Aliwataka wawasome wagonjwa kama hati hai za kibinadamu, kwa bidii ile ile waliyosomea vitabu. Charles Gerkin aliliendeleza wazo hilo mwaka 1984. Katika miaka ya 1990 Bonnie Miller-McLemore alitoa picha nyingine: mwanadamu si hati iliyo peke yake, bali ni uzi mmoja katika utando wa watu. Kwa msomaji wa Afrika picha hii ya pili yafaa zaidi. Hati hufungwa na kuwekwa kabatini. Mtu wa Masasi hafungiki hivyo, kwa maana ana wajomba, wapwa, dada na wafu wake, nao wote huzungumza ndani yake.

Tuangalie pia kwamba hata neno "mteja", ambalo sasa limezoeleka kwa mtu anayekuja kushauriwa, ni sitiari. Limetoka sokoni na dukani. Mtu akiitwa mteja, mshauri huwa muuzaji, na shauri huwa bidhaa. Katika makala hii tutamwita mshauriwa, au mtu tu.

Mbinu iliyo mashuhuri kuliko zote katika jambo hili ni ile ya David Grove, mzaliwa wa New Zealand aliyefariki mwaka 2008. Katika miaka ya 1980, alipokuwa akiwasaidia watu walioumizwa sana, aligundua kwamba washauri wana tabia ya kuyageuza maneno ya mtu. Mtu husema "nina fundo kooni", na mshauri hujibu "kwa hiyo una huzuni". Fundo limepotea, na huzuni ni ya mshauri. Basi Grove alitunga maswali machache mepesi yasiyoongeza neno la mshauri: Na fundo hilo ni fundo la namna gani? Liko wapi? Kuna jambo lingine lo lote kuhusu fundo hilo? Kabla ya hapo kulikuwa na nini? Halafu hutokea nini?

Hiyo ni mbinu ya heshima, na twaisifu. Mchungaji ambaye amezoea kuhubiri hupata shida sana kuuliza swali bila kulijaza mahubiri.

3. Simba wa ng'ambo ya Ruvuma

Sasa tuvuke mto. Upande wa kusini wa Ruvuma, katika uwanda wa Mueda nchini Msumbiji, wanakaa Wamakonde walio ndugu wa Wamakonde wa Newala. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Harry G. West, alifanya utafiti kati yao katika miaka ya 1990, akaandika vitabu viwili, kimoja mwaka 2005 na kingine mwaka 2007. Alisikia habari nyingi za simba ambao si wa porini: simba waliotengenezwa na wachawi, au wachawi wenyewe waliojigeuza kuwa simba ili kuwala jirani zao.

West alizieleza habari hizo kama wasomi wengi wafanyavyo. Mbele ya wasikilizaji katika mji wa Pemba alisema kwamba simba hao ni ishara: ni namna ya watu kuzungumza juu ya nguvu, wivu, na wakubwa wanaowala wadogo. Ndipo msikilizaji mmoja, mtu wa uwanda ule, alipomwambia kwa upole kwamba hakuelewa. Simba anaowazungumzia si ishara, bali ni simba wa kweli.

Kitabu cha mwaka 2007 ni jitihada ya West ya kulijibu neno hilo. Hasemi kwamba yule mtu amekosea, wala hasemi kwamba yeye mwenyewe sasa ameamini. Anakubali kwamba kumwita simba wa mwenzako "sitiari" ni kumwambia kwamba hajui asemalo. Anafikia kuona kwamba maneno ya uchawi na maneno ya mtafiti yote mawili ni njia za kuujenga ulimwengu upya kwa usemi. Mganga wa Mueda humpindua mchawi. Mtafiti naye humpindua mganga kwa kuandika kitabu juu yake.

Kwa maoni yetu hicho ni kitabu chenye uaminifu. Mwandishi amekubali kusahihishwa hadharani na mtu aliyekuwa akimchunguza, jambo ambalo si wasomi wengi hulifanya. Lakini kazi yake si kazi yetu. Mwanaanthropolojia aweza kuishia katika kuonyesha jinsi maneno yanavyoujenga ulimwengu. Mchungaji huulizwa jambo jingine: ulimwengu huo uliojengwa unampa nani uzima, na unamnyima nani?

Swali hilo si la darasani. Mwaka 2002 na 2003, katika wilaya ya Muidumbe iliyo katika uwanda huo huo, simba waliwaua watu wengi. Mwanahistoria Paolo Israel ameeleza, katika makala ya mwaka 2009, jinsi vifo hivyo vilivyozua uvumi kwamba simba hao wametengenezwa na watu, na jinsi watu walioshukiwa walivyouawa na wananchi wenzao. Hapo palikuwa na wafu wa namna mbili. Wengine waliuawa na meno ya mnyama, na wengine waliuawa na neno.

4. Mama mjane wa Chidya

Ili hoja yetu iwe wazi, tuweke mbele yetu mfano wa kubuni. Tuseme mama mmoja mjane wa kijiji cha karibu na Chidya anamjia mchungaji jioni, anaketi kimya kwa muda, kisha anasema: "Baba Mchungaji, kuna simba ananizunguka. Kila usiku yupo. Sipati usingizi."

Mchungaji wa kwanza, aliyesoma vitabu vya kigeni, hutabasamu kwa huruma na kuwaza: simba ni hofu yake. Ni majonzi ya mumewe aliyefariki. Atamwambia: "Mama, naona unaogopa upweke." Mchungaji wa pili, aliye mwepesi wa kuamini kila neno, atauliza: "Je, unamshuku nani?" Wa tatu atafungua Biblia, aonyeshe mahali Mtume Petro anapomfananisha Ibilisi na simba, na kuanza kukemea.

Wote watatu wameamua kabla ya kusikia, kila mmoja akiwa amekwisha kumtaja simba jina lake.

Tazama sasa mambo ambayo hawakuyauliza. Kwanza, kusini mwa Tanzania simba wa porini huwala watu kweli. Craig Packer na wenzake walichapisha mwaka 2005 hesabu yao: tangu mwaka 1990 simba walikuwa wamewaua Watanzania zaidi ya 563 na kuwajeruhi zaidi ya 308, na mikoa ya kusini ilikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Waligundua pia sababu. Nguruwe mwitu huvamia mashamba wakati wa mavuno. Wakulima hulala shambani katika dungu ili kuwafukuza. Simba huwafuata nguruwe, na humkuta mtu amelala katika kibanda cha nyasi.

Pili, Wayao, Wamakua na Wamakonde ni watu wa ukoo wa mama. Mume akifa, wapwa wake waweza kuja kudai mikorosho aliyoipanda, hata kama mkewe ndiye aliyeipalilia miaka ishirini. Mjane aliyenyang'anywa shamba la karibu hulazimika kulima la mbali. Aliye na shamba la mbali hulala kwenye dungu. Aliye mjane hulala huko peke yake.

Tatu, mama huyo aweza kuwa anasikia, kisimani na kanisani, kwamba mpwa fulani wa marehemu "ana mambo yake", na kwamba simba aliyeonekana si wa kawaida.

Basi, simba wa mama huyu ni yupi? Ni mnyama? Ni mpwa? Ni uchawi? Ni majonzi? Sisi twasema kwamba yule mama mwenyewe huenda hatenganishi mambo hayo, wala hana sababu ya kuyatenganisha. Simba mmoja amebeba njaa, nguruwe, urithi, kifo cha mume na uadui wa ukoo. Anayesema "ni mfano tu wa hofu" amelikata neno hilo na kuchukua kipande kidogo kuliko vyote. Anayesema "ni mchawi" amechukua kipande cha hatari kuliko vyote.

Hapa ndipo maswali ya Grove yanapofaa. Mchungaji wa nne huuliza: "Pole sana, mama. Simba huyo ni wa namna gani?" "Anakuzungukia wapi, nyumbani au shambani?" "Kabla hajaanza kuja, kulikuwa na nini?" Kwa maswali matatu hayo, yasiyo na elimu kubwa wala majivuno, mama ataeleza habari za dungu, shamba la mbali, na siku ile wapwa walipofika na panga kuhesabu mikorosho. Mchungaji hakulazimika kuamua kama simba ni mfano au si mfano. Alingoja aonyeshwe.

5. Mapungufu ya mbinu ya maswali mepesi

Hata hivyo hatuwezi kumfuata Grove hadi mwisho. Mbinu yake ilitengenezwa kwa ajili ya watu wawili katika chumba kilichofungwa mlango. Picha ya mtu hukuzwa humo bila kumgusa mwingine. Lakini mama wa Chidya akisema, katika jibu la nne, "Simba huyo ana jina, ni fulani bin fulani," chumba kimefunguka. Sasa kuna mtu wa tatu ambaye hayupo, ambaye hawezi kujitetea, na ambaye huenda akachomewa nyumba. Hapo mshauri akiuliza tena kwa upole, "Na huyo fulani ni simba wa namna gani?", anakuwa amesaidia kumtengeneza mtuhumiwa.

Tukumbuke methali ya wahenga: kunyamaza ni kukubali. Mchungaji kijijini si mshauri wa mjini asiyejulikana. Watu watasema, "Hata Mchungaji alimsikiliza, wala hakukataa." Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo ingali katika vitabu vya sheria za nchi, inahesabu kuwa ni kosa kumtaja mtu kuwa mchawi. Lakini hata kama sheria hiyo isingekuwapo, Amri ya Nane katika Katekisimu Ndogo ingetutosha, kwa kuwa Luther hakuieleza kama katazo la uongo tu, bali kama agizo la kumtetea jirani na kuyatafsiri mambo yake kwa wema.

Upungufu wa pili ni kwamba sitiari yaweza kuzeeka na kuwa uongo, na mtu akaendelea kufa nayo. Susan Sontag aliandika mwaka 1978 juu ya kansa, na mwaka 1989 juu ya UKIMWI, kuonyesha kwamba picha tunazovika ugonjwa huwaumiza wagonjwa zaidi ya ugonjwa wenyewe. Kwetu tulikuwa na picha zetu. Tangu wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, watu walitunga misemo mingi. Walisema fulani "amekanyaga waya". Picha hiyo yasema mambo mawili: kwamba aliyekanyaga alikuwa mzembe, na kwamba amekwisha kufa, kwa maana aliyeshikwa na umeme hapewi muda. Lakini tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure katika mpango wa taifa, na watu wanaozitumia vizuri wanalea wajukuu. Mtu anayemjia mchungaji leo na kusema "nimekanyaga waya" anastahili kusikilizwa kwanza, ndiyo. Kisha anastahili kuambiwa kwamba picha yake si kweli tena. Mshauri aliyefundishwa kamwe asiiguse sitiari ya mtu angemwacha mtu huyo akiwa bado ameshikwa na waya.

6. Watu wa mafumbo

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya kigeni havikulifikiria. Vitabu hivyo vyadhani kwamba mshauriwa hutumia sitiari bila kujua, na kwamba mshauri ndiye mjuzi atakayemfumbulia. Katika Masasi na Newala mambo ni kinyume. Huko mtu hufundishwa utu uzima kwa mafumbo. Katika jando na unyago, kungwi hasemi waziwazi kila jambo. Hutoa fumbo, mwali huling'ang'ania, na huenda akalielewa baada ya miaka.

Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, alilitambua jambo hili kuliko wamisionari wengi wa wakati wake. Badala ya kuipiga marufuku jando alijaribu kuiweka ndani ya Kanisa, na kuyajaza maumbo ya kale mafundisho ya Kikristo. Mwanahistoria Terence Ranger aliichunguza kazi hiyo katika makala ya mwaka 1972, akaonyesha kwamba haikuwa nyepesi kama ilivyosifiwa, na kwamba kwa upande wa wasichana ilishindikana zaidi. Sisi twaongeza neno hili moja: Lucas alidhani kwamba umbo na maana huweza kutenganishwa, kwamba chungu kitabaki kile kile hata ukibadili kilichomo. Mafumbo hayako hivyo. Fumbo na maana yake wamekua pamoja.

Kwa hiyo mama mjane anayesema "simba" si lazima awe mtu asiyejua asemalo. Yawezekana anajua vizuri sana. Yawezekana anampima mchungaji kama kungwi alivyompima mwali: je, huyu atalipokea neno langu, au atalikimbilia na kulivunja? Methali husema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Katika mazungumzo haya mwali ni mchungaji.

Masamba ma Mpolo, mwanatheolojia wa Kongo, ambaye pamoja na Daisy Nwachuku alihariri mwaka 1991 kitabu juu ya ushauri wa kichungaji Afrika, alisisitiza kwamba mazungumzo ya uchawi yachukuliwe kwa uzito, kwa kuwa ndani yake ugomvi wa ndugu hujitokeza. Twakubaliana naye, kwa tahadhari moja. Tukisema haraka kwamba uchawi "kwa kweli" ni ugomvi wa ndugu, tumerudia kosa la mhadhara wa Pemba. Tumembadilishia mtu simba wake kwa simba wetu.

7. Neno "ni"

Sasa turudi nyumbani. Katika mwezi wa Oktoba mwaka 1529, katika ngome ya Marburg, Martin Luther na Ulrich Zwingli walikutana mbele ya Philip wa Hesse kuzungumza juu ya Meza ya Bwana. Zwingli alifundisha kwamba neno "ni" katika maneno ya kuwekwa kwa Sakramenti lina maana ya "huashiria". Luther aliyaandika maneno hayo kwa chaki juu ya meza, asikubali kubanduka. "Ni" ni "ni".

Mlutheri basi, kuliko Mkristo mwingine ye yote, angepaswa kumwelewa yule mtu wa Pemba. Tumejifunza tangu kipaimara jinsi inavyouma mtu mwenye elimu anapokuambia, "Ukweli unaousema ni mfano tu." Ni ajabu kwamba mchungaji atetee kwa nguvu neno "ni" madhabahuni siku ya Jumapili, halafu Jumatatu ofisini alibatilishe katika kinywa cha mjane.

Lakini hapa hatuna budi kupambanua, tusije tukaharibu yote mawili. Luther hakushika neno "ni" kwa sababu yeye alilihisi hivyo, au kwa sababu mapokeo ya kwao yalisema hivyo. Alilishika kwa sababu aliyelisema ni Kristo. Neno la mwanadamu, hata mwanadamu anayeumia, halina mamlaka hayo. Mama akisema "kuna simba", mchungaji anaheshimu neno lake. Mama akisema "fulani ni simba", mchungaji haruhusiwi kulipokea neno hilo kama sakramenti. Heshima tunayompa mama yapaswa kufika pia kwa fulani. Huo ndio mpaka, na tusipouchora mapema utachorwa na wenye mapanga.

Mpaka huo una sura mbili katika Maandiko. Zaburi ya 22 imejaa mafahali, mbwa na simba wanaomzunguka mtu anayelia, na Mungu hamsahihishi mwimbaji kwa kumwambia kwamba hao si wanyama halisi. Kilio kinapokelewa na picha zake zote. Lakini katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12, nabii Nathani anamjia Daudi na mfano wa mwana-kondoo wa maskini, na mfalme anapokwisha kuwaka hasira, nabii anauvunja mfano huo na kumwonyesha kwamba mtu huyo ndiye yeye. Kisha, Daudi anapokiri, msamaha anaotangaziwa hauna mfano wo wote. Unasemwa kwa maneno ya kawaida, mafupi.

Twaona hapo utaratibu unaofaa kwa kazi yetu. Kilio kije na picha zake. Sheria yaweza kuja kwa mfano, kwa maana moyo hujilinda na maneno ya moja kwa moja. Lakini msamaha hautolewi kwa mafumbo. Mtu aliyeogopa hukumu miaka mingi asiondoke ofisini akijiuliza kama neno la Mchungaji lilikuwa sitiari.

8. Hitimisho na mapendekezo

Kutokana na hayo twapendekeza mambo manne kwa wachungaji na kwa vyuo vyetu.

Kwanza, mwanafunzi asifundishwe kutambua sitiari kabla hajafundishwa kuuliza. Swali "ni wa namna gani?" litangulie kila tafsiri. Methali yasema, mwenye kovu usidhani amepoa. Vivyo hivyo, mwenye neno la kawaida usidhani amesema jambo la kawaida.

Pili, mchungaji ajue mambo ya mahali pake: mashamba, wanyama, urithi, bei ya korosho, njia ya kwenda kisimani. Katika uwanda wa Makonde, ambako maji hayako juu na watu wamezoea tangu zamani kuyashukia bondeni, mwanamke akisema "nimepanda na ndoo tupu" amesema jambo ambalo mgeni hawezi kulipima. Na tangu watu wenye silaha waliposhambulia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara mwezi Oktoba 2020, mtu wa kando ya Ruvuma asemaye kwamba usiku kuna wanyama ng'ambo aweza kuwa hasemi habari za wanyama hata kidogo. Asiyejua mahali hatajua maneno.

Tatu, jina la mtu wa tatu likitajwa, mchungaji aseme waziwazi, na mara hiyo hiyo, kwamba hatalibeba jina hilo wala hatakubali libebwe. Kisha ashughulikie yale yanayoweza kushughulikiwa. Shamba linaweza kupelekwa baraza la kata, simba wa porini kwa maofisa wa wanyamapori, na kuhusu dungu washarika wanaweza kulala zamu pamoja na mjane hadi mavuno yaishe. Mama aliyelindwa na watu sita wenye mienge hahitaji kuelezwa kwamba simba wake alikuwa upweke. Wala hahitaji kuelezwa kwamba hakuwa.

Nne, picha iliyozeeka na inayoua ivunjwe, kwa upole, na kwa habari za kweli.

Swali tulilolianza, yaani nani aamue kama neno ni sitiari, twalijibu hivi. Mwenye neno ndiye aamuaye juu ya neno lake linapomhusu yeye mwenyewe. Linapomfikia jirani yake, si yeye wala si mshauri anayeamua peke yake. Hapo jirani naye lazima asikilizwe, na Amri ya Nane isimame mlangoni. Kazi ya mchungaji ni kukaa pale mlangoni pia, akisikiliza huku na huku, na kuhakikisha kwamba hakuna atakayetoka akiwa na jina la mtu mkononi.